Laptopu Imeamka na Windows 11 Hukuitisha? Una Siku Kumi za Kuamua

ULIIACHA kwa chaji ukalala. Asubuhi unaifungua uendelee na kazi, na ile baa ya chini imejaa vitu katikati, kona za madirisha zimekuwa mviringo, na kitufe cha Start kimehama nyumba bila kuaga. Hukuitisha. Pengine kuna kidirisha ulibofya juzi ukiwa na haraka. Pengine ndugu yako mdogo alikubali kila kitu ili afike kwa gemu yake. Pengine ni fundi aliyekurekebishia kibodi akaamua kukuongezea zawadi. Kwa sasa aliyefanya hivyo si muhimu sana. Muhimu ni kwamba kuna saa inahesabu, na wengi wetu huimaliza tukilalamika kwa status ya WhatsApp.

Siku zenyewe ni kumi. Kompyuta ikipanda kutoka Windows 10 hadi Windows 11, haitupi mfumo wa zamani mara moja. Inaufungia ndani ya folda inayoitwa Windows.old kwenye diski C, kama vile mama anavyoweka sufuria za zamani chini ya kitanda akinunua mpya. Ndani ya hizo siku kumi unaweza kuitisha sufuria zako. Siku ya kumi na moja kompyuta inafagia chini ya kitanda yenyewe, na kuanzia hapo kurudi nyuma kunamaanisha kuformati kila kitu na kuanza upya.

Zamani tulikuwa tunapewa muda zaidi. Windows 10 ilipotoka Julai 29, 2015, mtu alikuwa na siku 30 za kubadilisha mawazo. Kufikia Agosti 2016, kwa lile sasisho kubwa la mwaka wa kwanza, siku zikakatwa zikabaki 10. Fikiria wewe uko na CAT wiki hii, wiki ijayo una safari ya ushago, na siku kumi hizo zimeisha hata hujajua ile printa ya ofisi inakataa.

Kwa hivyo kabla hata hujaamua, ongeza muda. Hii inafanyika, na haibadilishi chochote kingine. Bofya Start, andika cmd, ukiona "Command Prompt" bonyeza kulia uchague "Run as administrator", kisha andika mstari huu vile ulivyo:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Namba 60 ni siku, na ndiyo ya juu kabisa unayoruhusiwa. Ukitaka kuhakikisha imeshika, andika DISM /Online /Get-OSUninstallWindow uone inakujibu nini. Lazima ufanye hivi kabla ya zile siku kumi kuisha, kwa sababu folda ikishafutwa hakuna amri ya kuifufua. Pia ambia kila mtu anayegusa hiyo mashine asisafishe diski. Ile folda ni kubwa, inakula gigabaiti nyingi, na mtu yeyote mwenye bidii ya kutafuta nafasi ataiona wa kwanza. Kwenye orodha ya kusafisha imeandikwa "Previous Windows installation(s)". Ukiweka tiki hapo, umejifungia mlango.

Sasa tupumue. Swali lenyewe ni hili: urudi ama ubaki?

Kwanza hakikisha unajua ni nini kimekupata. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, gonga Enter. Kidirisha kitakuambia uko Windows gani na toleo lipi. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanapiga kelele wamewekewa Windows mpya na kumbe ni sasisho la kawaida la mwezi limebadilisha ikoni mbili tatu. Hilo linaondolewa kwingine kabisa, kwenye historia ya masasisho, na halihitaji drama ya kurudi toleo zima.

Ukishajua kweli ni 11, tenganisha vitu viwili: kile kinachokukera na kile kinachokuharibia. Mimi sijamaliza chuo, kwa hivyo usinitarajie nikupe fomula, lakini hii tofauti ndiyo kila kitu. Baa kukaa katikati inakera. Inarudi kushoto kwa mibofyo minne: bonyeza kulia kwenye baa yenyewe, ingia "Taskbar settings", fungua "Taskbar behaviors", badilisha "Center" iwe "Left". Ile menyu fupi ya kubonyeza kulia ambayo imeficha nusu ya vitu ulivyozoea inakera pia. Shikilia Shift ukibonyeza F10 na ile ndefu ya zamani inakuja. Vitu kama hivi usivifanye sababu ya kurudi, kwa maana baada ya wiki tatu mikono yako itakuwa imezoea, na hata utasahau ulikuwa umekasirika.

Kuharibu ni kitu kingine. Printa ya lebo ya duka lako haionekani tena. Programu ya hesabu ambayo bosi alinunua miaka ile inakataa kufunguka. Kadi ya sauti unayotumia kurekodi podikasti haina draiva. Ile kanyagio ya mguu unayotumia kwa kazi ya transcription imekufa, na mteja wa ng'ambo anangoja faili saa sita usiku. Hapo hatuongei juu ya mazoea. Hapo ni unga unaondoka mezani.

Katikati kuna malalamiko ya tatu, na ndiyo huchanganya watu zaidi: "imekuwa slow." Hapa usiamue siku ya kwanza. Baada ya mabadiliko makubwa kama haya kompyuta huwa na kazi nyingi chini ya maji. Inapanga upya orodha ya faili zako zote ili utafutaji ufanye kazi, inashusha draiva, inashusha masasisho mengine juu ya yale uliyopewa. Siku moja mbili itahema. Ipe hizo siku, iwe imewashwa na iko kwa chaji, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni nini kinakula. Ikiwa "Memory" inakaa juu ya asilimia 85 hata ukiwa umefungua tabo tatu tu, basi shida yako haitaisha kwa kungoja.

Microsoft wanasema Windows 11 inahitaji RAM ya GB 4 kwenda juu. Kwa makaratasi ni kweli. Kwa maisha ya mtu anayefungua Chrome, Word na Zoom kwa wakati mmoja, GB 4 ni kama kubeba abiria ishirini kwa matatu ya kumi na wanne: itatembea, lakini usiulize itafika saa ngapi. Na uangalie diski. Ukiwa na ile ya kuzunguka, HDD, mfumo wowote mpya utakutesa. Kubadilisha iwe SSD kutakupa kasi zaidi kuliko kurudi Windows 10. Kama pesa unayo ya kitu kimoja tu, anza hapo.

Kuhusu hasira yenyewe, usijione mjinga kuwa nayo. Ina historia. Mwaka 2015 na 2016 Microsoft walikuwa wanasukuma Windows 10 bure kwa watu wenye Windows 7 na 8, na kidirisha cha kualika kilikuwa kinarudi kila uchao. Kufikia Mei 2016 ikafika mahali ambapo kubofya ule msalaba mwekundu wa kufunga kidirisha, ambao dunia nzima inajua unamaanisha "sitaki", kulihesabiwa kama umekubali ratiba ya kupandishwa. Watu waliwaka. Mkuu wao wa masoko, Chris Capossela, alikuja kukiri mwenyewe Desemba mwaka huo kwamba pale walikuwa wamevuka mpaka.

Na kuna mwanamke mmoja wa California, Teri Goldstein, aliyekuwa na biashara ya safari mjini Sausalito. Kompyuta ya kazi ilianza kujipandisha hadi Windows 10 bila yeye kuitisha, ikashindwa katikati, ikabaki ya kukokota na kuzima. Hakuishia kulalamika. Alienda mahakama ya madai madogo, akashinda dola 10,000. Microsoft walikata rufaa, kisha wakaiondoa, wakisema hawakubali kosa lolote ila hawataki gharama ya kuendelea na kesi. Habari hiyo ilitoka Juni 2016. Kwa faida yako, hata sisi tuna Mahakama ya Madai Madogo, inashughulikia madai yasiyozidi Sh1 milioni. Sikuambii ukimbie huko leo. Nakuambia tu kwamba mtu wa kawaida kusema "hii mashine ni yangu" si wazimu.

Lakini hasira haiwezi kukuamulia, kwa sababu kuna upande wa pili, na huu ndio mzito. Unarudi wapi?

Windows 10 ilifika mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025. Haimaanishi inazima. Itawaka, itafungua Word, itacheza muziki. Inamaanisha kwamba mashimo mapya ya usalama yakigunduliwa ndani ya mfumo, hakuna kiraka cha bure kinachokuja kila mwezi kama zamani. Ni kama kuishi kwa nyumba ambayo landilodi amehama nchi. Maji yapo, stima ipo, ila siku kufuli ya geti itavunjika hakuna wa kupigiwa.

Ukitaka kujua mashimo yasiyozibwa hufanya nini, kumbuka Mei 12, 2017. Kirusi kinachoitwa WannaCry kilienea kikizifungia kompyuta faili na kuitisha pesa za Bitcoin. Kiraka cha lile shimo kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Hospitali za Uingereza zilisimamisha matibabu, wagonjwa wakaelekezwa kwingine. Kompyuta nyingi zilizoliwa zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao bado ulikuwa unapata viraka wakati huo. Wenyewe tu hawakuwa wameviweka. Hali ilikuwa mbaya hadi Microsoft wakatoa kiraka cha dharura hata kwa Windows XP ambayo walikuwa wameiacha tangu 2014.

Sasa jiulize nini kiko ndani ya laptopu yako. Nywila ulizohifadhi kwa brauza. iTax. eCitizen. Akaunti ya Upwork uliyoijenga miaka mitatu. Picha za watu wa nyumbani. Ukurasa wa biashara ambao mteja akiutumia ujumbe anatarajia kupata wewe, si mwizi. Hayo ndiyo unayoweka mezani ukisema unarudi, kwa hivyo ukirudi, usirudi uchi.

Kuna nguo. Inaitwa ESU, masasisho ya usalama ya ziada, na kwa watu wa kawaida inafika hadi Oktoba 13, 2026. Mashine lazima iwe Windows 10 toleo la 22H2. Unaingia Settings, kisha "Update & Security", kisha "Windows Update", na kama mashine yako imefikiwa utaona mahali pa kujiandikisha. Unaweza kulipa dola 30, au ukapata bila malipo kwa kukubali kusawazisha mipangilio yako na akaunti ya Microsoft. Kwa vyovyote vile utahitaji akaunti ya Microsoft. Kuna wale watasema hiyo ni kulipa kwa data badala ya pesa, na sitabishana nao. Pia wamesema Defender, antivairasi iliyo ndani, itaendelea kupata orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028. Hilo ni zuri, lakini mlinzi mwenye orodha ya wezi hafai kitu kama ukuta wenyewe una tundu.

Kwa hivyo ukirudi unanunua muda. Hununui Windows 10 ya milele. Andika kwa kalenda ya simu yako tarehe utakayoamua tena.

Kuna kundi moja ambalo mambo yake ni tofauti kabisa, na nahisi mko wengi: nyinyi mliochukua laptopu za ex-UK pale Moi Avenue ama Luthuli. EliteBook na ThinkPad zile. Windows 11 haichukui kila mashine. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, inataka Secure Boot, na kwa upande wa Intel inataka prosesa kuanzia kizazi cha nane hivi. ThinkPad T480 inaingia. T470 haiingii. EliteBook 840 G5 inaingia, G3 na G4 zinabaki nje. Ukitaka kujua kizazi, soma namba baada ya i5: i5-8250U ni cha nane, i5-6300U ni cha sita.

Sasa kama una G3 na imeamka ikiwa na Windows 11, hiyo haikuja yenyewe. Kuna mtu aliilazimisha, kwa kawaida kwa kutumia fleshi iliyotengenezwa na programu kama Rufus ambayo inaruka yale masharti. Si lazima awe alikuwa na nia mbaya. Wateja wengi humwambia fundi "niwekee mpya", naye anaweka. Shida ni kwamba Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine kama hiyo, na kila toleo jipya la mwaka utahitaji kumtafuta tena yule fundi. Umekimbia Windows 10 kwa sababu ya viraka, ukaingia kwa 11 ambayo viraka vyake ni vya kubahatisha.

Mrudie umuulize swali moja tu: "Boss, uli-upgrade ama uliformati?" Akisema alipandisha juu ya ile ya zamani, Windows.old ipo na unaweza kurudi. Akisema aliformati, ama aliweka safi, kitufe cha kurudi hakipo, hata kama ni jana. Kabla hujaondoka hapo, ingia Settings, System, Activation, uone kama imeandikwa "Active", na umuulize aliiwasha na nini. Kama ni ile programu ndogo ya kuvunja leseni, ujue umeruhusu kitu usichokijua kikae jikoni kwako na ufunguo wa nyumba nzima. Habari njema ni kwamba laptopu iliyokuwa na leseni halali ya Windows 10 huwa inakumbukwa kupitia ubao wake wa ndani. Ukiiweka upya toleo lilelile na kuunganisha intaneti, inajiwasha.

Haya, tuseme umeamua kurudi. Usianze usiku huu.

Anza na faili. Kwa maelezo rasmi, kurudi nyuma hakugusi nyaraka zako. Programu ulizoweka baada ya kupanda zitaondoka, mipangilio uliyobadilisha itapotea, lakini Documents na picha zinabaki. Mimi naamini hayo maelezo, na bado nanakili kila kitu kwanza. Oktoba 2018 Microsoft walitoa sasisho la Windows 10 lililojulikana kama 1809, na ndani ya siku chache wakalisimamisha kwa sababu kuna watu waliamka wakakuta faili zao zimefutwa. Lilirudi tena Novemba. Kama wao wenyewe iliwapita, wewe na tasnifu yako ya kurasa 90 hamna kinga. Weka nakala moja kwa fleshi na nyingine Google Drive. Fleshi pekee haitoshi, sote tunajua fleshi za mtaani.

Kisha tafuta nywila ya zamani, ile uliyokuwa unatumia kabla ya kupandishwa. Ukirudi, kompyuta itataka hiyo. Watu wamejifungia nje kwa sababu walibadilisha katikati.

Halafu ufunguo wa BitLocker. Laptopu nyingi za kisasa, hasa zile zilizokuwa za kampuni, diski yake imefungwa kwa siri, na mabadiliko makubwa yanaweza kuifanya iwake kwa skrini ya bluu ikiitisha namba 48. Ukiwa unatumia akaunti ya Microsoft, mara nyingi ufunguo uko umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo mtandaoni. Ufungue kwa simu, uupige picha, uhakikishe upo. Kama laptopu ni ya ex-UK na hujui ni akaunti ya nani ilitumika mwanzoni, hili ni jambo la kushughulikia leo, hata kama huna mpango wa kurudi popote.

Mwisho ni stima. Kurudi kunaweza kuchukua nusu saa au zaidi, na kukatwa katikati ndiyo njia ya haraka ya kuua mfumo wote miwili. Chaji hadi asilimia mia, iache kwa ukuta, uangalie tokeni zimebaki ngapi. Kama betri yako ni ile ya kuzima ukichomoa waya, nenda kwa rafiki mwenye stima ya kuaminika. Sifanyi mzaha. Mtu ambaye mtaa wake hupotewa na stima kila jioni hana haja ya kuanza hii kazi saa moja usiku.

Vikiwa tayari, ni Settings, System, Recovery, kisha "Go back". Itakuuliza sababu, chagua yoyote. Itakuomba ujaribu masasisho kwanza, kataa. Baada ya hapo ni kungoja.

Ungetaka niseme ningefanya nini mimi? Inategemea uko wapi.

Kama uko mwaka wa mwisho na una defence Jumatatu, usiguse kitu. Hata kama 11 inakuudhi. Mradi Word inafunguka na faili zinahifadhiwa, ongeza siku hadi 60, endelea kuandika, urudi kwa huu mjadala ukishamaliza. Mfumo usioupenda lakini unaofanya kazi ni bora kuliko unaoupenda ambao labda utawaka Jumapili usiku.

Kama mashine yako inakubalika, ina GB 8 na SSD, na hakuna kifaa cha kazi kilichokufa, baki. Najua si jibu tamu. Ila utatumia ESU mwaka mmoja kisha ufike hapahapa, na safari hii utakuwa umeharibu bando mara mbili, kwa maana faili ya kuweka Windows 11 pekee ni kama GB 5.

Kama kuna kitu cha kazi kimekufa, kwanza tafuta draiva mpya kwa tovuti ya aliyekitengeneza, umpe nusu siku. Isipopatikana, rudi bila kuona haya, ujiandikishe ESU siku hiyohiyo. Na kama ni kompyuta ya duka inayofanya kazi moja tu ya kuuza na kuchapisha risiti, usiiruhusu pia kuwa ya kupakua sinema.

Mwenye GB 4 na prosesa ya kizazi cha sita, kwako ningesema rudi, au uangalie Linux Mint. Unaiweka kwa fleshi na kuijaribu moja kwa moja bila kugusa diski. Kama Wi-Fi inashika na YouTube haikwami, umepata mashine iliyofufuka na inayopata viraka bure. Lakini kama kazi yako ni Photoshop, au mhadhiri wako anataka Word yenye macro zake, Mint itakupa vita vingine.

Na usilinganishe na simu. Simu haina siku kumi. iPhone ikishapanda, Apple huacha kuidhinisha toleo la zamani muda mfupi baadaye na huwezi kurudi. Kwa Android nyingi kurudi kunafuta kila kitu, na baadhi zimefungwa zisikubali toleo la chini kabisa. Kwa laptopu angalau umeachiwa kitasa.

Ukisharudi Windows 10, kazi ya kwanza kabla hujafungua hata brauza ni kuingia Windows Update. Utakuta inakungoja tena kwa tabasamu, imeandika kwamba Windows 11 iko tayari. Chini yake kuna maandishi madogo, "Stay on Windows 10 for now". Bofya hapo. Kisha nenda kwa Wi-Fi yako uiweke kama "Metered connection", ili isishushe vitu vizito bila wewe kujua, jambo ambalo ukiwa unatumia hotspot ya simu ungekuwa umelifanya zamani. Itakuuliza tena. Ndugu yako mdogo naye mfungulie akaunti yake ambayo si ya administrator.